Tupeane uzoefu: michezo ya kuchekesha ya mapenzi na vituko jukwaani, hapa Lamu

Mwanzilishi
Salaam jamani. Shida ya vikundi vyetu ni ile ile: kisa kinachekesha kwenye karatasi, kikifika jukwaani kinalala. Mchumba kajificha, baba mtu anaingia, watu wanatazama kimya. Wenye kazi zao watumwagie ujuzi hapa: vipimo, hatua, na kinachoharibika. Sifa za vikundi tuziweke kando.

Fundi wa Boriti
Mara nyingi kosa liko mlangoni. Kisa cha kufumaniana kinataka milango miwili na dirisha, lakini watu hutundika shuka wakaita mlango. Shuka haibamizwi, na ule mbamizo ndio unaomwambia mtazamaji kwamba mtu kaponea chupuchupu.

Tengeneza fremu ya mbao ya futi 7 kwa 3. Usiipigilie kwenye ukuta wa merikani, maana kila mlango ukifungwa nyumba nzima itatikisika na nyumba ya mawe itageuka hema. Isimame peke yake kwa tegemeo mbili za pembetatu nyuma, kila moja na mfuko wa mchanga wa kilo 15. Acha upenyo wa inchi moja kati ya fremu na kitambaa, kisha uufiche kwa ubao mwembamba uliopigiliwa kwenye fremu tu. Bawaba ziwe 3. Mbili hulegea kabla mazoezi hayajesha.

Mlango wa ubavuni ufungukie nje ya jukwaa, na bawaba zikae upande ulio mbali na watazamaji. Hapo mwigizaji anaingia na kuufunga bila kuwapa watu mgongo. Kitasa cha kweli usitie, kikisukumwa kwa hofu hukwama. Tia sumaku ya kabati.

Halafu mlango wa Kiamu, yaani wa hapa Lamu, una mbao mbili na mfaa, ule mti wa kati zinapokutana. Ni mzuri, lakini kuufungua kwahitaji mikono miwili, na mbio zinapoa. Ubao mmoja ufungwe kabisa, utumike mmoja.

Mkichezea uwanja wa Mkunguni wakati wa kusi, merikani itajaa upepo kama tanga. Badilini, tumieni makuti yaliyosukwa kwa nafasi, upepo upite.

Bi Maleba
Shukran fundi. Mimi naleta kanga, kwa sababu sioni kifaa bora cha kukoroga mambo ya mapenzi. Doti ina vipande viwili vyenye jina lile lile, yaani maneno yaliyoandikwa. Kikatwe kimoja kiende kwa binti, cha pili kiangukie mikononi mwa shangazi mtu, na mchezo umeshajiendesha wenyewe.

Linaloharibu ni macho: maandishi ya kanga hayasomeki kuanzia mkeka wa tatu kwenda nyuma. Wengine hushonea herufi kubwa, nami sipendi, kanga inakuwa bango. Bora asome mtu asiyeona vizuri, kwa vipande, na jina liwe ambalo watu wanalijua. Chukua "Usisafirie nyota ya mwenzio". Akisoma "Usisafiri..." akaishia hapo, kijana ataanza kufungua sanduku akidhani amekatazwa safari ya Mombasa. Watazamaji watamalizia wao kwa sauti, na ndicho unachokitaka. Jina fupi kama "Wema hauozi" halikatiki.

Kwa vile jukwaani wapenzi hawagusani, mapenzi yapitie kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia. Chuma vikonyo vya asmini alasiri vikiwa bado vimefumba, vifunge kwenye kitambaa kibichi. Usiku vinafunguka na harufu inafika mkeka wa mbele. Ua la plastiki halinuki, na mwigizaji anayejifanya ananusa anaonekana anajifanya.

Angalieni hili: petali ya asmini kwenye kanzu nyeupe haionekani hata ukiwa karibu. Kama kikuba ndicho kitakachomfichua mume, mvalishe koti jeusi, petali tatu begani. Mke anuse kwanza, asimame, ndipo aone. Akiona kabla ya kunusa, kicheko kimekwenda.

Mwanamume ndani ya buibui msimtie. Huku watu hukereka, na wana haki. Mfiche ndani ya jamvi lililokunjwa: lisifungwe kamba, na kichwa kikae upande ulio wazi apate pumzi.

Maalim wa Mazoezi
Bi Maleba kasema kweli kuhusu mpango wa kunusa na kuona. Nami naongeza kofi. Wawili wasimame mbali kuliko urefu wa mkono. Mpigaji ainue mkono taratibu, waangaliane, ndipo mkono upite kama shubiri moja mbele ya uso. Mlio autoe anayepigwa, kwa kupiga makofi kifuani, mgongo wake ukiwa kwa watazamaji. Watu wakiketi pande tatu siri hiyo huonekana. Basi kofi lifanyike nyuma ya mlango, usikike mlio tu.

Ugomvi wa wachumba wawili mimi huupendelea kwa fimbo za kirumbizi, ile ngoma ya kuchezea fimbo, kwa sababu hatua zake tayari zina hesabu na ngoma inawashika wote. Ugomvi wa kubuni papo hapo huumiza vidole.

Na kicheko kikipanda, nyamazeni. Semeni kinapoanza kushuka, kabla hakijakatika.

Mwana Mkomani
Lugha yetu ni hazina. Binti wa Kiamu akimwambia mchumba wa bara "Ndoo!", yaani njoo, kijana analeta ndoo. Ndoo hiyo ionekane kando ya birika la kuwekea maji tangu dakika ya kwanza. Ikiletwa kutoka nyuma ya pazia watu wataona imetungwa. Mara ya kwanza ailete tupu, mara ya pili na kata ya kuchotea, mara ya tatu baba mtu ndiye aitwe. Msieleze maana. Maji msitie, ubao ukilowa mtu anateleza kwenye mbio zinazofuata.

Mshika Taa
Kwa watakaopata ua wa Ngome ya Lamu: ruhusa inaombwa Makavazi ya Taifa, na mapema. Upepo haukusumbui, lakini kuta zile za tangu 1821 ni nene na zinarudisha sauti, basi majibizano ya haraka yanaparamiana. Tundikeni mazulia nyuma ya watazamaji na mwisho wa neno utamkwe wote. Taa mbili za wati 50, moja kila upande, juu ya usawa wa vichwa. Taa moja ya mbele hufuta nyuso.

Anzeni baada ya Isha, dakika 70 bila mapumziko, wa Shela na Manda wawahi boti. Punda akilia nje msimpigie kelele kumshinda. Wote wagande, wamwache amalize, kisha mstari urudiwe tangu mwanzo.