Maswali yangu ya historia yamemfukuza rafiki yangu barazani, naomba ushauri

MwanaWete (mleta mada)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Jambo langu wengine wataliona dogo, lakini mie linaninyima raha wiki ya pili sasa.

Tuna baraza yetu hapa Wete, watu saba au wanane, tunakutana baada ya Isha. Kahawa, kashata, karata kidogo. Tangu kabla ya Ramadhani nilianzisha chemsha bongo ya historia ya dunia, kwa sababu naipenda historia toka skuli. Kila usiku nakuja na maswali kumi kwenye daftari: Konstantinopoli ilitekwa mwaka gani (1453), Mansa Musa alikwenda Hijja lini (1324), ukuta wa Berlin ulianguka lini (1989). Anayekosa zaidi ananunua kahawa ya wote. Watu waliipenda, hata vijana wa mtaa wa pili wakawa wanakuja kusikiliza.

Miongoni mwetu yumo mmoja, nimwite Fundi, anaunda madau na ngalawa. Aliacha skuli mapema ili amsaidie baba yake. Usiku mmoja niliuliza: vita vifupi kuliko vyote duniani vilikuwa baina ya nani na nani? Fundi akawahi, "Waarabu na Izraili, vya siku sita." Watu wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "We Mzanzibari gani? Vilipiganwa hapo Unguja, mbele ya Forodhani, hata saa moja havikufika!" Na mie, Mungu anisamehe, nilicheka pia. Tena nikamsomea sifuri yake kwa sauti.

Akalipa kahawa ya wote, akaaga. Toka usiku ule hajakanyaga barazani. Nikimpigia ananiambia ana kazi.

Siku mbili baadaye wawili wengine nusura washikane mashati. Swali lilikuwa Seyyid Said alihamia Zanzibar mwaka gani, mmoja anasema 1832, mwengine 1840, na daftari langu lina 1840.

Nauliza mawili. Niache kabisa maswali haya? Na Fundi nimrudishe vipi?

Ticha_Mstaafu

Wa alaykum salaam mwanangu. Usiache. Lakini swali la Seyyid Said ni kosa lako wewe, wale wawili hawana kosa. Vitabu vyengine vinaandika 1832 na vyengine 1840, kwa kuwa yule bwana alikuwa akienda na kurudi baina ya Maskati na Unguja miaka kadhaa kabla hajatulia. Jambo ambalo waandishi wenyewe hawajakubaliana usimtoze mtu kahawa kwa ajili yake. (Na hiyo ya anayekosa alipe, kaulize kwa sheikh wenu. Mie inanitia wasiwasi.)

Yako mengi ya namna hiyo. Ukiuliza Vita vya Pili vya Dunia vilimalizika lini, mmoja atasema Mei 1945, Ujerumani iliposalimu amri, mwengine atasema 2 Septemba 1945, Japani ilipotia saini. Wote wamepatia. Bora uulize kwa nini. Kwa nini Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi, 1917, huadhimishwa Novemba? Kwa sababu Warusi walikuwa bado wanafuata kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 13. Hapo watu watabishana mpaka kahawa ipoe, na hatoki mtu ameudhika.

Chaza77

Mnakuza mambo. Mchezo una kushinda na kushindwa. Asiyetaka kuchekwa akacheze bao.

BintiMtambwe

Kaka Chaza, kwa heshima, hapana. Hebu tulitazame hilo swali lenyewe. Sayyid Hamad bin Thuwaini, sultani wa Zanzibar, alifariki 25 Agosti 1896, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ya ridhaa ya Waingereza, na tarehe 27, saa tatu asubuhi, manowari zao zikaanza kufyatua mizinga. Wengine wanasema dakika 38, wengine wanafika 45. Upande wa kasri watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Ujerumani. Wale 500 ni watu wa visiwa hivi, jamani, na kila mahali naona habari yao inasimuliwa kama kichekesho. Mie siwezi kuicheka.

Na jibu la Fundi halikuwa la kijinga hata kidogo. Vita vya siku sita vya Juni 1967 vilikuwepo na vilikuwa vifupi kweli. Ungemwambia tu, "Umekaribia, viko vifupi zaidi," angekuwa yupo nanyi mpaka leo.

Mchumaji_Konde

Mie niliishia darasa la sita, kwa hiyo nazungumza upande wa Fundi. Usimwombe radhi mbele ya baraza, utamtia aibu mara ya pili. Nenda bandani kwake mchana, kaa, mshikie hata ubao. Mwambie nilicheka, nilikosea. Basi. Usimweleze kwa nini ulicheka.

Maswali yako yaanzie hapa kwetu ndiyo yaende duniani. Mie nachuma karafuu tangu utotoni, na nilikuwa mtu mzima nilipojua kuwa asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Waholanzi walizihodhi, wakawa wanakata mikarafuu ya visiwa vyengine ili wauze wao tu. Wafaransa wakaitorosha miche katika karne ya 18, wakaipanda visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na karne iliyofuata ikafika Unguja. Na kwa nini Pemba ikaipita Unguja? Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, ya kwetu mingi ikasalimika. Mimi hilo lilinigusa kuliko mfalme yeyote wa Ulaya.

KikwajuniJuu

Naunga mkono. Na ukuta wa Berlin usiulize mwaka. Uliza ni nani waliosaidia kujenga yale majumba ya Kikwajuni baada ya Mapinduzi ya 1964. Ujerumani Mashariki. Sasa waeleze kwa nini Ujerumani zilikuwa mbili. Halafu wagawe wawili wawili, asiwepo mtu wa kubeba sifuri peke yake.

MwanaWete (mleta mada)

Ndugu zangu, narudi na habari. Nilimfuata Mchumaji neno kwa neno. Jumatatu nilikwenda bandani, Fundi alikuwa anatia kalafati mashua. Nikamwambia. Akanyamaza kitambo, akasema, "Nipe hiyo nyundo." Nikajua yamekwisha.

Tukawa tunazungumza. Nikamhadithia Vasco da Gama, kwamba 1498 aliondoka Malindi mwishoni mwa Aprili na rubani aliyepewa pale, akafika India kwa siku 23 tu. Lakini kurudi kulimchukua karibu miezi mitatu baharini, mabaharia wengi wakafa kwa ugonjwa wa kukosa matunda na mboga. Mie nimeisoma habari hii mara nyingi na siku zote nilidhani ni bahati mbaya.

Fundi hakuinua kichwa. Akauliza, "Kurudi aliondoka mwezi gani?" Nikasema mwanzoni mwa Oktoba. Akacheka, cheko la kwanza tangu usiku ule. "Aprili upepo wa kusi unaanza, ulimsukuma. Oktoba kusi limekwisha na kaskazi bado. Ni malelezi hayo, upepo hautulii upande mmoja. Hakuna nahodha wa kwetu anayevuka wakati ule. Hakumuuliza mtu?"

Nilikaa na daftari langu pale nikaona haya. Nimemwomba swali hilo aje aliulize yeye. Alhamisi alikuja, akaliuliza, na barazani hakuna aliyelipata. Kahawa nilinunua mie, na hiyo ya kulipishana tumeifuta.

Ticha_Mstaafu

Alhamdulillah. Safari ile nimeisomesha miaka mingi na sikuwahi kuwaeleza watoto habari ya malelezi. Muulizie Fundi na hili: majahazi yaliyokuwa yakitoka Pemba kwenda Maskati, wazee wake waliyaondoa mwezi gani, na mwisho wa kungoja ulikuwa lini? Niandikie kwa maneno yake mwenyewe.