Tupeane uzoefu: wenye wagonjwa wa pairidostigmini, donepezili na dawa za jamii hiyo

Mwana wa Wete (mwanzisha mada)
Assalaam alaykum. Namuuguza mama, na Ramadhani ndiyo hiyo inabisha hodi. Nataka kusikia wenzangu mnafanyaje.

Kwake ilianza na kope. Asubuhi anaamka mzima, ikifika alasiri jicho la kushoto limejifunga lenyewe. Tukaambiwa kapitiwa na upepo. Miezi mitano ya makombe na mafusho. Nilistuka siku nilipomkuta anatafuna boflo huku kashika kidevu kwa mkono, anakisaidia kupanda.

Tukavuka Unguja. Dakta akatia barafu kwenye glavu, akamwekea juu ya kope dakika mbili. Alipoitoa, jicho limefunguka. Mama akacheka, mie nikalia. Akatwambia ni mayasthenia. Mshipa wa fahamu ukitaka msuli ufanye kazi unamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, msuli unaipokea, kisha kuna kimeng'enya kinaifagia palepale. Kwa mama, kinga ya mwili imeshambulia vipokezi vya msuli, vimebaki vichache. Baridi inamzubaisha yule mfagiaji. Pairidostigmini, dawa aliyopewa, nayo inamfunga mikono kwa saa chache. Dawa haitengenezi asetilikolini mpya, ile ile iliyopo inakaa zaidi mlangoni. Ugonjwa wenyewe haiugusi.

Anakunywa kidonge cha miligramu 60 kila baada ya saa nne. Kinachukua nusu saa na zaidi kushika, basi kidonge saa sita mchana, sahani saa saba kasorobo. Tukichelewa, maji yanamrudia puani. Sasa saumu ataifungaje?

Nahodha Mstaafu, Nungwi
Wa alaykum salaam. Mie si msuli, ni jicho. Nina presha ya macho, nikapewa matone ya pilokapini mara nne kwa siku. Hii haimzuii mfagiaji, inajifanya asetilikolini yenyewe. Mboni inasinyaa, msuli wa ndani unajikaza, maji ya jicho yanapata njia ya kutoka.

Presha ilishuka, sisemi uongo. Ila siku za mwanzo nyusi zilikuwa zinaniuma kama nimegongwa na foromali. Na usiku ndio balaa. Tulikuwa kwenye dagaa, karabai zinawaka, wenzangu wanavuta wavu, mie naipapasa kamba kwa mguu kwa sababu nje ya duara la taa sioni kitu. Mboni imekuwa tundu la sindano, mwanga utaingilia wapi? Kijana mmoja akaniambia, "Babu, wewe kaa." Neno hilo liliniuma kuliko nyusi. Nilipomweleza dakta akanibadilishia, nikapewa ya kutia mara moja tu usiku. Wavuvi, semeni kazi yenu kabla hamjaandikiwa dawa.

Mpenda Kale
Kidogo tu: dawa ya kwanza ya ukoo huu, fizostigmini, imetoka kwenye kunde yenye sumu ya Calabar, huko Nijeria, ambako watuhumiwa walikuwa wakinyweshwa ili wajulikane kama wana hatia. Mwaka 1934 dakta Mary Walker, London, akamchoma mgonjwa wa mayasthenia sindano yake, na nguvu zikarudi kwa muda.

Mtu wa Tiyeta
Mie ni nesi wa usingizi. Mgonjwa tuliyemlegeza misuli kwa upasuaji, mwisho tunampa niostigmini, ndugu yake pairidostigmini, ili apumue kwa nguvu zake. Lakini haiendi peke yake, tunaiambatanisha na atropini, la sivyo moyo unapunguza mwendo na mate yanajaa.

Mwana wa Wete, nakuomba usiongeze kidonge kwa kuona mama kalegea. Ikizidi nayo inalegeza. Ukiona tumbo linamkata, anaharisha, jasho na mate vinamtoka, misuli inachezacheza, mwahishe hospitali. Kushindwa kupumua au kumeza usingoje asubuhi. Na kila mnapokwenda taja ugonjwa wake kwanza, kwa sababu dawa kama jenta (gentamaisini), sipro (siprofloksasini), azithromaisini na kwinini zinaweza kumwangusha.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa hasira: dawa nyingi za kupulizia mboga zinamzuia mfagiaji huyuhuyu, tena kwa nguvu isiyo na kipimo. Nimempokea mtoto aliyekunywa kutoka chupa ya soda iliyowekwa uvunguni. Mboni kama nukta, povu mdomoni, nguo zimelowa. Tulimchoma atropini tena na tena mpaka kifua kikakauka. Alipona. Chupa ya soda, jamani!

Mjukuu wa Shangani
Babu yetu ana Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, anatumia donepezili, nayo inamzuia mfagiaji, ila kwenye ubongo. Alianza na miligramu 5, baada ya wiki sita ikawa 10. Nikiri tu kwamba haikumrudisha. Jina langu bado ananiita la marehemu mjomba. Ila kete za bao anazihesabu tena, jambo alilokuwa ameacha.

Akinywa usiku alikuwa anaota mpaka anapiga makelele, anagombana na watu wa jahazi. Dakta akaihamishia asubuhi, kukatulia.

Halafu akashikwa na mafua. Duka moja la dawa wakatupa Piriton bila kuuliza. Siku ya pili babu hajui choo kiko wapi. Kumbe Piriton inaziba vipokezi vya asetilikolini, yaani huku tunafungua bomba, huku tunaziba. Tuliiacha, baada ya siku chache akarudi kwenye bao lake.

Mwana wa Wete
Ahsanteni. Dakta naye keshajibu: asifunge. Shehe akasema maradhi haya hayana siku ya kupona inayojulikana, basi tutoe fidya, kibaba kwa kila siku. Mama kanuna siku mbili, halafu akatoa sharti: futari apike mwenyewe. Nimemtegea kengele ya kidonge kwenye kitochi saa kumi alasiri, mlio wa bata. Mjukuu wake wa miaka minne akisikia bata anakimbia na kikombe cha maji, nusu yake yanamwagika njiani.