Uzi wa waliowahi kutumia mashine ya kusoma umbo la mkono, tupeane uzoefu

Fundi Mageti
Wadau heshima kwenu. Mi nafunga kamera na mageti ya umeme hapa Dar, kuna mteja wangu vijana wake ni wa kokoto na saruji, mashine ya alama za vidole inawakataa kila asubuhi, foleni inafika barabarani. Nikakumbuka zile mashine za umbo la mkono, kwetu sijaziona sana ila huko nje ni za zamani, Olimpiki ya Atlanta 1996 walizitumia kuingilia kijiji cha wanamichezo. Kwa asiyeijua, haisomi alama za vidole wala mistari ya kiganja. Unabonyeza namba yako, unaweka mkono wa kulia kwenye sahani, kamera ya juu inachukua umbo na kioo cha pembeni kinaipa unene, inapima urefu na upana wa vidole basi. Aliyeitumia aje atupe ukweli, sio maneno ya vipeperushi.

Mbeba Boksi
Nimeitumia sana ghalani Houston. Kuna vijiti vimesimama kwenye sahani, unasukuma mkono mpaka kimoja kikugote pale kati ya kidole cha shahada na cha kati, halafu unabana vidole viguse vingine. Juu kuna mchoro wa mkono una vitaa, kidole ambacho hakijagusa kitaa chake kinabaki kinawaka, wageni wote wanahangaikia hapo. Ila kwa sisi tulioisha vidole ni mkombozi aisee. Kusajili laini Bongo kwa alama za vidole dada wa wakala alinipangusa kwa kanga yake, akajaribu vidole vyote kumi, wapi! Hii hata uje na vumbi la saruji haina habari na wewe.

Mama Pacha
Mkombozi kwako kaka 😂 Mi niko nyumba ya wazee Marekani, nilipokuwa na ujauzito mikono ikavimba taratibu mpaka pete ikabidi nivue, na mashine ikawa inakubali tu kila siku. Nimejifungua, nimepumzika, narudi na mikono yangu myembamba ikanigomea! Msimamizi akanisajili upya lakini asubuhi ile nilishaandikwa nimechelewa na hela wakakata.

Fundi Mageti
Dada hapo hata haijaharibika. Kila ikikukubali inarekebisha kidogo kumbukumbu ya mkono wako, kwa hiyo ulivyokuwa unavimba ilikuwa inavimba na wewe. Umekaa miezi hujaigusa, yenyewe bado inakumbuka mkono wa mimba.

Mtumishi wa Shamba
Mi naomba niulize tu bila kejeli. Mkono wa kulia, namba yako, huoni kama ni ile alama ya mnyama ya Ufunuo 13 kwenye Biblia?

Mbeba Boksi
Mtumishi hilo lilifika mpaka mahakamani. Mchimba makaa wa West Virginia, mlokole, alikataa kuweka mkono kwa sababu hiyohiyo. Wakamletea barua ya watengenezaji wa mashine, eti alama ya mnyama ni mkono wa kulia au paji la uso, kwa hiyo atumie wa kushoto kiganja kikiangalia juu 😂 Akaacha kazi. Kilichowaponza waajiri ni kwamba kulikuwa na wenzake wawili wameumia mikono, hao waliruhusiwa kubonyeza namba tu na wakapita, sasa yeye kwa nini asiruhusiwe? 2015 akashinda, jumla zaidi ya dola 500,000, na rufaa ya 2017 ikabaki vilevile.

Mtumishi wa Shamba
Mungu ni mwema.

Jirani wa Doha
Sisi ilikufa na corona, shifti nzima inashika sahani moja, nani alikuwa anataka. Wakaleta ya uso. Lakini niulize, si mwenzako anaweza kukubonyezea namba tu uonekane umefika, kama tulivyokuwa tunasainiana kwenye daftari?

Fundi Mageti
Kusainiana ndiyo kinachofanya waajiri waipende mkuu, namba yako bila mkono wako haiendi. Ila lazima uanze na namba, maana haimtafuti mtu kwenye kundi, inalinganisha mkono na ile namba moja tu. Mikono ya watu inafanana mno, kwa nchi nzima kama vitambulisho vya NIDA ingechanganya watu vibaya. Zile nyingi zinahifadhi baiti 9 tu kwa mtu, hata mwizi akizibeba hapati alama ya kidole chako. Kwangu mimi hiyo ni faida kubwa kuliko wanayoitangaza.

Basi nitamshauri aweke moja geti la saruji, ofisini wabaki na vidole, na asiyetaka kuweka mkono abonyeze namba mbele ya mlinzi. Mwenye nayo iliyotumika bado nzima aje inbox na bei, picha za sahani na vile vijiti tafadhali, vikilegea hivyo hapo hakuna mashine.