Naomba ushauri: roboti yetu inawadakia wazee maneno

Habari zenu ndugu zangu. Tunatengeneza roboti ndogo ya mezani ya kuzungumza Kiswahili na wazee kwenye kituo cha kuwalea: kuwaamkia, kuwakumbusha dawa, kupiga nao soga. Ina kamera, maikrofoni na macho ya kwenye skrini.

Kinachonikwamisha ni zamu ya kuongea. Programu huchukulia kuwa mtu amemaliza akinyamaza nusu sekunde. Mzee anayevuta kumbukumbu hunyamaza zaidi ya hapo, basi roboti inamdakia. Kumkatiza mtu mzima ni kumvunjia heshima, na jambo hili linaniuma kweli. Nilipoongeza hadi sekunde mbili, salamu ikaharibika: mzee anauliza "hujambo?", kimya, anarudia, sauti zinagongana. Binadamu hupokezana zamu kwa pengo la takribani milisekunde 200 tu (moja ya tano ya sekunde), hivyo sioni namba moja itakayofaa kila mahali. Nimejaribu pia iitikie "ehee" katikati; baadhi walifurahi, wengine walinyamaza wakidhani wamekatizwa.

Kuna aliyewahi kuunganisha ukimya na mshuko wa sauti au mwelekeo wa macho ili kutambua mwisho wa zamu kwa Kiswahili? Na roboti ikiwa inasubiri, macho yake yafanye nini ili mzee ajue anasikilizwa, bila kuona anakodolewa?