Aliyebandika mfuko wa kadi juu ya jedwali la elementi, tunakujua!

Wakuu wa Kusini, simtaji, mnamjua. Yule wa "leteni vitabu vyote vya maktaba za shule huku mjini tuwachakatie, tuweke namba, lebo na mfuko wa kadi ya kuazima, nyie mpange tu kwenye rafu". Maboksi yamerudi Newala leo. Kitabu cha kemia kina jedwali la elementi ndani ya jalada la nyuma. Kabandika mfuko wa kadi JUU YAKE. Kwa gundi ya mbao! Chuma, shaba, zinki, vyote vimezikwa. Mtoto akiulizwa namba ya atomiki ya chuma ajibu nini, "rudisha kabla ya tarehe"?

Tuliambiwa kitabu kikiainishwa mara moja, shule zote zinapata namba moja. Sawa, zimepata: riwaya za Kiswahili badala ya namba ya Dewey (ule mfumo wa kupanga vitabu kwa mada) 896.392 ya fasihi, zimepewa 496.392 ya lugha, sasa zimelala na sarufi. Namba za usajili nazo wameanza upya na 1, kana kwamba shule hazina rejista. Hayo nasamehe. Lakini jedwali? Nakala ZOTE?

Korosho Ghafi: 😂😂 "rudisha kabla ya tarehe". Mkuu, usibandue kavu, jedwali litaondoka na mfuko. Weka kitambaa chenye unyevu juu ya mfuko tu, gundi ilegee, kisha nyanyua kwa kisu butu.

Bingwa wa Tandahimba: Povu lote hili kwa karatasi? Kawaida jalada la nyuma halina kitu ndani, fundi kazoea. Wewe ulimwandikia abandike la mbele?

Mleta mada: Macho hana? Jedwali lina rangi kama khanga!

Kilwa Kwetu: Afadhali nyie. Lebo ya mgongoni hukaa kama sentimita 3 kutoka chini, zote mstari mmoja. Zetu zimefunika majina ya vitabu, na kwa joto hili gundi imelainika, ukivuta kimoja vinakuja viwili.

Liwale Ndani: Mna vitabu mnalia. Huku rafu iliegemezwa ukutani, mchwa wameanza 000, saa hizi wako 300, wanafuata Dewey kuliko hao wachakataji.

Korosho Ghafi: Rafu iachane na ukuta, miguu isimame kwenye makopo yenye oili chafu.

Liwale Ndani: Oili chafu nani anatoa bure siku hizi?

Mleta mada: Jamani, jedwali…

Bingwa wa Tandahimba: Nenda gereji za bodaboda. Makopo ya rangi ya lita 4 yanafaa.

Kilwa Kwetu: Yaoshe kwanza.