Maandishi ya maka peni kwenye mlango wa gari uliotumika yanatokaje bila kuharibu rangi?

Mwenye Mlango:
Habari zenu wanajukwaa. Nimenunua mlango wa mbele uliotumika ili kubadilisha wangu uliobonyea, na kwa bahati rangi yake imelingana na ya gari langu kiasi kwamba sikukusudia kuupaka upya. Tatizo ni kwamba aliyeung'oa kwenye gari la awali aliuandika. Karibu na kitasa kuna namba na aina ya gari kwa wino mweusi, na chini yake kuna mstari wa maandishi ya manjano, manene, ambayo ukiyapitishia ukucha unahisi yameinuka. Nimeuosha mara tatu kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, nikajaribu na mafuta ya taa, nikaambulia harufu tu. Rafiki yangu ananihimiza nitumie tina, lakini nasita. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Fundi Rangi:
Ndugu, umefanya vyema kusita. Tina huyeyusha wino kweli, ila haichagui: ikikutana na klia (lile tabaka angavu la juu linalolinda rangi) iliyopigwa na fundi wa mtaani, ambayo haikuokwa kwa joto kali kama ile ya kiwandani, huilainisha ndani ya muda mfupi na kuacha doa lililofifia ambalo polishi haitaliondoa. Kwa kuwa hujui historia ya mlango huo, iweke tina kando.

Hapo una maandishi ya aina mbili, na ndiyo maana dawa moja haitatosha. Wino mweusi wa maka peni ya kawaida huyeyushwa katika alkoholi tangu kiwandani, kwa hiyo alkoholi ndiyo inayoulegeza tena. Tumia ya isopropili ya asilimia 70. Yale ya manjano yaliyoinuka ni rangi ya mafuta iliyotoka kwenye kalamu ya rangi, nayo huitaka waiti spiriti, ile ambayo wapaka rangi husafishia brashi.

Kabla ya yote, jaribu kwenye ukingo wa ndani, mahali panapofichika mlango ukifungwa. Kitambaa cheupe kikitoka na rangi ya gari, acha mara moja, kwa sababu huenda hapo hakuna klia kabisa. Pakiwa salama, fanyia kazi kivulini bati likiwa limepoa, la sivyo alkoholi itakauka kabla haijafanya lolote. Kandamiza kitambaa kilicholowa juu ya herufi kwa sekunde chache, kisha futa kuelekea upande mmoja na ugeuze kitambaa kila baada ya mpanguso. Wengi hukosea hapa: husugua kwa mduara, na wino uliokuwa herufi unageuka wingu. Ya manjano yakishalainika, yakwangue taratibu kwa kadi ya plastiki iliyofungwa kitambaa. Vaa glovu, fungua madirisha, na moto usiwe karibu.

Mzee wa Polishi:
Naafikiana na Fundi, ila nikutahadharishe kuhusu kivuli. Wino ukiisha, mara nyingi herufi bado husomeka kwa mbali. Sababu moja ni wino kuzama ndani ya klia. Nyingine, ambayo watu huisahau, ni jua. Mlango ukikaa nje muda mrefu, rangi huchakaa kote isipokuwa chini ya maandishi, na hapo hakuna kiyeyusho kitakachosaidia kwa kuwa hakuna uchafu uliobaki. Kinachohitajika ni kampaundi laini, yaani dawa nzito ya kusugulia na kung'arishia rangi, kwa mkono, ukipitia eneo kubwa kuliko maandishi yenyewe ili mng'ao ufanane.

Usilivalie njuga sana. Klia ya kiwandani mara nyingi huwa na unene wa takriban maikroni 40 hadi 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele, na kwenye kingo na mikunjo ya bati huwa nyembamba zaidi. Mimi niliwahi kupiga msasa namba 1500 kwenye mkunjo wa fenda kwa sababu ya herufi moja tu. Herufi ilitoka, na klia ikatoka nayo. Ukimaliza paka nta, kwa kuwa viyeyusho hivyo huondoa na nta iliyokuwapo.

Msomaji wa Pembeni:
Nyongeza fupi kwa atakayeamua kupaka rangi upya: asidhani rangi mpya itayafunika maandishi. Niliwahi kupiga msasa boneti yenye bei iliyoandikwa kwa maka peni nyekundu, nikapaka praima na rangi nyeupe, nikaridhika. Baada ya siku chache bei ikaanza kusomeka tena, ya waridi, katikati ya boneti. Viyeyusho vilivyomo kwenye praima na rangi huuamsha wino ukapanda juu. Utoe wote kwa alkoholi kwanza, ndipo ushike msasa.

Mwenye Mlango:
Ahsanteni sana. Nimejaribu ukingoni, kitambaa kikabaki cheupe, nikaendelea. Wino mweusi umetoka kwa alkoholi katika mizunguko minne, ingawa mwanzoni niliusambaza kidogo kabla sijaanza kugeuza kitambaa. Ya manjano yalinichosha zaidi: ilinibidi niyafunike kwa kitambaa chenye waiti spiriti kwa dakika mbili hivi, nikwangue, nirudie. Sasa kimebaki kivuli cha tarakimu ya 7, ambacho huonekana tu ukiinama na kuutazama mlango kwa upande, na kwa maelezo ya Mzee nadhani ni kazi ya jua, maana kitambaa hakishiki chochote tena. Kampaundi nitaipiga kesho kabla ya kuufunga mlango kwenye gari, kwa kuwa bado naweza kuulaza mezani.