Naombeni ushauri: antholojia ya waandishi zaidi ya mia, nisome zote?

AbiriaWaUmoja: Wadau, hamjambo. Nina antholojia ya hadithi za sayansi na maajabu, waandishi chipukizi zaidi ya mia moja, wamepangwa kwa alfabeti ya majina ya ukoo. Naisomea kwenye simu, ndani ya matatu. Mwezi wa pili sasa, bado niko C. Nimejiandikisha Worldcon, kongamano la dunia la wapenzi wa hadithi za sayansi, nipendekeze majina ya tuzo ya Astounding ya mwandishi mpya, na muda unayoyoma. Usingizi umeniruka. Nisome zote au nirukeruke?

KalamuNyekundu: Rukaruka. Nilipohariri jarida la chuo nilikuwa nasoma aya ya kwanza na ya mwisho tu. Ila kuna moja niliyoitupa hivyo na bado inanijia usiku: mama aliyeuza vivuli vya watu soko la Marikiti. Mwandishi wake sikumwona tena.

MamaWawili: Simu itanyakuliwa dirishani hapo barabara ya Outer Ring. Soma nyumbani.

MlaMuhogo: Hadithi za nje za nini? Tangu 1995 tunayo riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi, kwa Kiswahili chetu, na vijana hawaijui!

KalamuNyekundu: Turudi kwa swali. Fomu ina nafasi tano. Umeshajaza ngapi?

AbiriaWaUmoja: Moja.

KalamuNyekundu: Huyo umemsoma?

AbiriaWaUmoja: Bado. Ni dada yangu mdogo, yuko kwenye W. Najua mtanisema, lakini ada nimelipa mwenyewe na jina lake halitoki. Nimemwona akiandika tangu darasa la sita, kwa mwanga wa koroboi.

MamaWawili: Haya ndiyo tunayowalaumu wanasiasa kila siku. Wetu kwanza, hata bila kumpima.

Jirani_wa_Pili: Mnachezewa. Akaunti ya wiki moja, dada kitabuni, koroboi. Huyu ndiye dada mwenyewe, anajipigia debe.

AbiriaWaUmoja: Kitabu sijakitaja, wala jina lake, na sitataja. Hadithi yake ni ya baba anayerudi akiwa sauti ndani ya redio mbovu. Baba yetu alikuwa fundi wa redio pale barabara ya Luthuli, Nairobi. Tulimzika 2019. Kila nikiikaribia hiyo W, narudi C.

MlaMuhogo: Pole sana, ndugu yangu. Wangu alikuwa dereva wa lori. Hadi leo nikisikia breki za upepo nageuka.

KalamuNyekundu: Basi anzia Z urudi nyuma. Wa mwisho wa alfabeti ndio hawafikiwi na wasomaji, utawatendea haki. Lakini jina lake lifute kwanza. Ukishasoma, lirudishe likistahili.

AbiriaWaUmoja: Kufuta sifuti. Kuanzia Z, sawa.

Jirani_wa_Pili: Redio za aina gani?

AbiriaWaUmoja: Zile za mawe manne, za kupigwa kofi ndipo zishike stesheni. Alizikanya kama watoto. Z nimemaliza, na Y ni wawili tu. Jioni nitakaa kiti cha nyuma, simu imejaa chaji.